Seif, nimeuona ukumbi wako Hong Kong

Tsim Sha Tsui, Hong Kong
Jumapili usiku

Seif sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta kwenye foleni ya lifti pale Chungking Mansions, lile jengo la maduka na vyumba vya kulala wageni, na unazijua lifti zile, nikapata nafasi ya kuusikiliza mara tatu kabla sijapanda. Ati unafunga ukumbi wako wa muziki, unauza viti? Viti vyenyewe vile vya chuma tulivyovipaka rangi kwa mikono yetu? Sikukujibu siku ile kwa kuwa sikuwa na la kusema. Leo ninalo, na nimelipata sinema.

Usicheke. Aliyenipeleka ni yule mzee anayenifungashia mizigo. Huku Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia hutolewa filamu za kuchekesha za msimu, na mtu humpeleka mama yake kama sisi tunavyowapeleka watoto kwenye bembea Idi pili. Ya msimu huu wa 2026 inaitwa Night King, mwongozaji wake Jack Ng, na imezungumzwa kwa Kikantoni, lugha ya hapa. Ni klabu ya usiku ya Tsim Sha Tsui East, mwaka wa hadithi ni 2012, biashara imedorora, na meneja anahangaika isimfie mikononi. Meneja ni Dayo Wong. Mtalaka wake ni Sammi Cheng, yule mwimbaji, na kwa hesabu za biashara anamwacha mbali. Zaidi ya hapo sikuharibii, utaitazama mwenyewe.

Kikantoni changu, kama ujuavyo, ni cha bei na kilo. Naweza kumwambia mtu "ghali mno" kwa namna tatu, basi. Kwa hiyo niliitazama kwa macho ya kusoma, maana chini wanaweka maandishi ya Kichina na ya Kiingereza. Watu wanaangua kicheko, mimi bado nasoma. Namaliza kusoma, nacheka, nao wamekwisha kunyamaza. Mama mmoja wa mbele aligeuka kuniangalia mara mbili. Mzee akaninong'oneza kwamba nusu ya utani haumo kwenye yale maandishi hata kidogo, kwa sababu lugha yao neno likipanda sauti ni kitu kimoja na likishuka ni kingine, na wachekeshaji wao wanaishi hapohapo katikati.

Huyo Dayo Wong ungempenda. Alianza mwaka 1990 kusimama jukwaani peke yake na maikrofoni, na watu wa hapa wanamhesabu kuwa ndiye aliyeileta sanaa hiyo mjini kwao. Uso wake haucheki. Anasema jambo kama mtu anayelalamikia bili ya umeme, na ukumbi mzima unalala kwa kicheko. Mwaka 2023 yeye na huyuhuyu Jack Ng walitoa filamu ya mahakamani, A Guilty Conscience, ikawa ya kwanza ya Hong Kong kupita dola milioni 100 za hapa kwa tiketi za mji huu peke yake. Mwaka uliofuata, kwenye filamu nyingine, akacheza mtu wa harusi aliyegeuka mtu wa mazishi, nayo ikavunja rekodi hiyo. Baada ya maiti, wakampa klabu.

Sasa sikiliza hili la mwaka. 2012 ndio mwaka wangu wa kwanza huku, nilipokuja na pesa za mahari ya Mwanaidi kununua simu, ukanitukana. Kumbe robo saa kwa miguu kutoka pale nilipokuwa nalala, klabu kubwa kuliko zote ilikuwa inafunga milango mwaka huohuo, nami sina habari. Iliitwa Bboss. Ilifunguliwa mwaka 1984 kwa jina la Volvo, hadi wenye kampuni ya magari ya Volvo walipokuja juu, jina likabadilishwa. Tsim Sha Tsui East yote ile ni ardhi iliyotolewa baharini kwa kujazwa kifusi, na miaka ile ya themanini pesa za Wajapani zilikuwa zinamwagika juu yake. Ndani ya klabu kulikuwa na kijigari cha umeme kwa umbo la Rolls-Royce, mgeni anapakiwa mlangoni anapelekwa hadi mezani kwake. Ndani ya jengo, Seif! Mimi nilidhani mzee ananitania, kumbe ni kweli, mji mzima unakikumbuka.

Wasichana walikaa na wageni kwa saa, na saa ndiyo bidhaa yenyewe. Ukitaka kutoka na msichana nje, unasema "unanunua saa". Juu yao kuna mama-san, neno la Kijapani hilo, anayepanga nani aketi na nani na nani asiketi tena na yule wa jana. Kazi yako ya mlangoni ile, ukiongeza pafyumu.

Mzee wangu zamani aliendesha teksi ya usiku. Alikuwa anapanga foleni nje ya klabu hizo mpaka alfajiri. Baada ya filamu tuliingia kula uji wa mchele, nikamwuliza ameionaje. Akapuliza uji wake weee, kisha akasema: nzuri, lakini matapishi kidogo mno. Anasema miaka yote ile gari lake halikuwahi kunuka vizuri. Na wasichana walikuwa wanatoka saa kumi za usiku viatu mkononi, hawazungumzi, wanataja mtaa tu, na wengine walimwomba asimame wanywe uji kama huu tuliokuwa tunakunywa sisi.

Hapo ndipo namuunga mkono. Filamu inawapenda wale wanawake, inawapa maneno na ujanja, haiwachezei. Ila deni linalomwingiza mtu kwenye kazi ile linapita haraka mno, kama mgeni anayeaga asiulizwe nauli. Najua ni filamu ya sikukuu, watu wamekuja na mama zao. Hata hivyo uji ulinishinda kumaliza.

Nikamwuliza mzee nini hasa kiliziua klabu zile. Nilitarajia atanitajia serikali. Akahesabu kwa vidole: mtikisiko wa pesa wa Asia ulioanza 1997, ugonjwa wa SARS 2003, watu wakajifungia majumbani, Julai 2009 kuvuta sigara kukapigwa marufuku kwenye klabu, kodi ya pango isiyoshuka, halafu wateja wakavuka mpaka kwenda Shenzhen na Dongguan, miji ya China bara, raha ileile kwa bei ya chini. Anasema hakuna usiku mmoja ambao mtu angeweza kusema leo ndiyo imekufa. Foleni ya teksi tu ilikuwa inapungua gari moja moja.

Nikakukumbuka wewe na ile daftari yako ya viingilio. Ulinisomea mwenyewe: mia mbili na kitu, mia na themanini, mia na arobaini na bendi imeshalipwa. Wewe unalaumu vigodoro, unalaumu skrini za mpira kwenye baa za jirani, unalaumu mpiga solo aliyekukimbia. Vyote kweli. Lakini uliniambia pia kwamba Jumamosi wanakuja walewale wazee wanane, wanakaa meza ileile, wananunua soda mbili, nawe huwadai kiingilio. Meneja wa kwenye filamu ana ugonjwa huohuo wako. Anajua nani hunywa nini, nani asiulizwe habari za mkewe, nani apewe meza ya mbele hata kama hana kitu mfukoni. Nilimwona mtu anafilisika kwa adabu, nikacheka, safari hii kwa wakati mmoja na ukumbi.

Sikwambii usifunge. Wewe ndiye unayelipa umeme, mimi nakaa ng'ambo naandika barua. Kama hesabu imekataa, imekataa. Spika uza, sasa hivi, maana huku zinatoka mpya nyepesi na zako zitashuka bei kila mwezi. Jenereta usimpe yule mjomba wako kwa mkopo.

Viti ngoja. Kontena langu linatia nanga Tanga baada ya mfungo, nami nitakuja nalo. Nitumie idadi kamili na ni vingapi vimevunjika miguu. Viwili vya karibu na jukwaa, vile tulivyokuwa tunakalia tukihesabu pesa, viweke kando kwa jina langu, na bei yake nitajie bila aibu, usiniletee mambo ya undugu.

Wako,
Athumani