Kwa Zuhura, kuhusu picha za Southsea

Southsea, Portsmouth, Uingereza

Shoga yangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, nakala za picha za marehemu ami yako, ulizotaka nikusaidie kujua zilipigwa wapi na lini, zimefika zote 14, mbele na nyuma, isipokuwa nyuma ya namba 12. Kabla ya yote nakuomba usiyaamini maandishi ya nyuma. Yote ni mwandiko mmoja na wino mmoja wa kalamu ya biki, na kalamu hizo Waingereza walianza kuziona madukani baada ya vita kwisha 1945. Kwa hiyo aliyeandika "Southsea 1938" alikuwa akikumbuka tu, tena baadaye sana. Nyuso nazo hazitakusaidia. Tazama kilicho nyuma ya watu.

Picha hiyo ya "1938" ni namba 3, penye mnara mrefu wa mawe wenye tufe juu. Huo ni ukumbusho wa mabaharia wa jeshi la majini waliopotelea baharini, na ulizinduliwa 1924. Mwanzoni ulisimama peke yake. Ukuta ulioongezwa kwa upande wa nchi kavu, wenye majina ya waliokufa katika Vita vya Pili, ulizinduliwa Aprili 1953. Kwenye picha yako ukuta upo, basi 1938 haiwezekani. Lakini kuna mtego hapo. Minara ya namna hiyo iko mitatu, ramani moja: huu wetu, mwingine Plymouth, mwingine Chatham. Wa Chatham uko kilimani, mbali na bahari. Wa Plymouth ndio unaowachanganya watu, kwa kuwa nao unatazama maji. Huko utaona karibu yake mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe. Wa Southsea umesimama chini tambarare, ukingoni mwa bahari, na ng'ambo ya maji huonekana mstari wa kisiwa cha Wight. Namba 3 ni ya huku, sina shaka. Namba 11 ni ya Plymouth, itoe kwenye fungu.

Sasa magati. Mji una magati mawili ya matembezi, yaliyoachana mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, na kila mzee anapolikumbuka moja humtajia mwenzake jingine. Clarence liko magharibi, halikuingia baharini sana bali limejilaza ubavuni mwa pwani. Lilifunguliwa 1861, likabomolewa na mabomu ya Wajerumani usiku wa Januari 10, 1941, usiku uleule ukumbi mkuu wa mji ulipoungua. Jipya likafunguliwa 1961. Katikati hapo kuna miaka 20, na mtu akikwambia alicheza dansi Clarence mwaka 1950, mwulize kwa upole kama si South Parade. Hilo liko mashariki, limetoka pwani kwa nguzo kweli kweli, na historia yake ni ya moto: lilifunguliwa 1879, likaungua 1904, likarudi 1908 likiwa mali ya mji, kisha 1974 jengo lake likawaka tena wakati filamu ikipigwa humo. Mwaka huo wa 1974 ndio wanaoukumbuka wengi, na kila mtu siku hizi alikuwepo akitazama! Sizikatai kumbukumbu hizo, ila sizitumii kupimia tarehe.

Angalia na ardhi. Pwani ya Southsea ni kokoto, mwinuko wa mawe madogo ya rangi ya kahawia. Mchanga huchungulia chini kabisa maji yakikupwa. Namba 6, ile ya watoto wanaojenga ngome kwenye uwanja mpana wa mchanga, si ya Southsea. Nadhani ni Ryde, ng'ambo kule kisiwani, ambako maji yakitoka mchanga huenda mbali sana. Tangu 1965 watu huvuka kwenda huko kwa hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa na kupanda pwani kavukavu kikivuma, safari ya dakika kama 10. Ukikiona pichani, basi yaelekea ni 1965 au baadaye.

Barabarani tazama juu na chini. Tramu ina reli chini, na mwisho wake Portsmouth ni 1936. Basi la umeme lina matairi, ila juu lina fito mbili zilizoshika nyaya. Hayo yalianza 1934 yakaondoka 1963. Ukienda kwa wazee na nakala za picha, usiwaulize "mwaka gani?" Watakupa mwaka ili wakuridhishe tu. Waulize kama basi lilikuwa na fito.

Kadi za posta zina sheria yake. Stempu za Uingereza haziandikwi jina la nchi, zina kichwa cha mfalme tu: Edward VII hadi 1910, George V hadi 1936, Edward VIII kwa muda mfupi mwaka huohuo, George VI hadi 1952, kisha Malkia Elizabeth hadi 2022. Bei ikiwa na herufi "d" ni kabla ya Februari 1971, ikiwa "p" ni baada yake. Lakini muhuri wa posta unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Wachapaji walikuwa wakiuza picha ileile miaka na miaka, wakiichovya rangi upya na kumchora mtu au mashua pasipo kitu. Clarence la zamani kwenye kadi ya 1946 si muujiza.

Umeuliza kuhusu Sultani Jamshid wa Zanzibar, kama huyu wa namba 9 ni yeye. Baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964 alikuja Uingereza na akaishi hapa Southsea kimyakimya kwa zaidi ya nusu karne, hadi aliporuhusiwa kwenda Oman 2020. Akafia Muscat Desemba 2024. Namba 9 ina tramu. Hesabu mwenyewe.

Kuhusu kuzihifadhi: zile zilizoganda kwenye albamu ya kurasa za gundi usizivute kwa kucha, picha itabaki na nusu ya uso. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole, kama unavyokata sabuni. Selotepu usiiguse, hukauka ikaacha madoa ya manjano. Namba iandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini, na skani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi. Maandishi ya ami hata kama yana makosa yaache, na tarehe mpya uiandike kwenye daftari pamoja na sababu yake: "ukuta wa majina, kwa hiyo si kabla ya 1953." Bila sababu, atakayekuja baada yako hatajua amwamini nani kati yenu.

Iliyobaki inanisumbua ni namba 12. Nitumie upande wa nyuma, naona kivuli cha muhuri unaopenya kwenye karatasi.

Wasalaam,
Shoga yako Mwanaidi