Wasomi wa rasilimaliwatu wafundishwe kuandika barua kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahadhiri wanaofundisha menejimenti ya rasilimaliwatu, hasa wa vyuo vya huku kwetu Iringa na Mbeya.

Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Nilisoma Mzumbe ilipokuwa bado IDM, yaani Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na kila mwaka napokea wanafunzi wa filidi, wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo. Julai iliyopita nilikuwa na binti wa mwaka wa pili, msikivu, anayewahi kazini hata asubuhi zile ambazo ukungu umefunika magogo yote uwanjani. Siku moja akaingia jirani yangu, mzee aliyepanga mbao kiwanda kingine kwa miaka sita. Tukasalimiana kamwene, kisha akatoa barua aliyoikunja mara nne, pembe zimechakaa, ina doa la utomvu wa paini. Kiingereza kitupu. Akampa yule binti: "Mwanangu, wewe msomi, hebu nisomee."

Binti akaisoma yote kwa sauti, kama ilivyoandikwa. Mzee akasubiri. "Sasa inasemaje?" Hapo binti akakwama, akanitazama. Neno la kupunguzwa kazi hakuwa nalo kwa Kiswahili. Mzee akauliza taratibu, "Kwa hiyo nimefukuzwa, au niendelee kusubiri kuitwa?"

Alikuwa amesubiri kuitwa kwa siku 37.

Siku hizo ndizo zinazoniuma. Anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, lazima kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Binti hakulijua hilo. Ngazi za mahitaji ya binadamu za mwanasaikolojia Maslow za mwaka 1943 alinieleza vizuri sana, na yale majaribio ya taa kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, ya kupima kama mwanga huongeza tija ya wafanyakazi. Siidharau elimu hiyo, nami niliisoma, na inasaidia kumwelewa mtu kazini. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo ndiyo jembe la kazi yetu, alikuwa ameisikia kwa jina tu.

Tukakaa watatu tukapiga hesabu nyuma ya nakala, maana barua halisi ni ushahidi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwa mzee zikaja siku 42. Notisi siku 28, kwa kuwa alikuwa analipwa kwa mwezi. Halafu likizo ambayo hakwenda. Binti aliandika kila mstari kwa Kiswahili, akamsomea mzee, akarudia pale alipoulizwa. Nilimwona anajifunza kazi mbele ya macho yangu.

Marekebisho ya sheria ya 2021 yameshakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa nini basi anayekwenda kuajiri na kuachisha Watanzania amalize miaka mitatu chuoni bila kuandika hata barua moja ya onyo kwa lugha wanayoielewa? Naomba uwepo mtihani wa vitendo: mwanafunzi aandike mkataba wa ajira na barua ya kupunguza kazi, kisha amsomee mtu aliyeishia darasa la saba, na mtu huyo aeleze alichoelewa. Na wahadhiri wanaokuja kukagua filidi wakae nasi angalau nusu siku. Wengi husaini kitabu cha mwanafunzi, huuliza nidhamu yake, wakaondoka.

Mzee ameshapeleka maombi ya kuongezewa muda, majibu bado. Mwaka huu nina nafasi za wanafunzi watatu. Mhadhiri atakayependa kuja nao siku ya kwanza, tutampa kiti mezani pale pale tulipokaa na mzee.

Afisa utumishi,
Mafinga, Iringa