Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu na dada wanachama,

Mwaka jana mlitutuma kazi moja: tusimame kwenye malango ya yadi za mbao hapa Nairobi tuulize mbao za Kongo zilikatwa kwa kibali cha nani. Tulisimama mara nne. Mara tatu za kwanza tulikosea, na kosa lilikuwa langu.

Tuliwazibia njia mafundi seremala waliokuja kununua vipande viwili vitatu vya mvule. Mzee mmoja mwenye karakana alinivuta kando akaniambia, "Mwenyekiti, mimi nauziwa kwa futi. Karatasi sijawahi kupewa." Sikuwa na jibu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, Februari 2018, sisi tulishangilia. Kumbe haja ya mbao haikupigwa marufuku. Ilivuka mpaka tu.

Mara ya nne tuliwaacha mafundi wapite, tukamwomba mwenye mzigo karatasi zake. Alituonyesha za forodha na za ushuru, zote safi, tena kwa adabu. Ya msituni hakuwa nayo. Hapo ndipo penye kitendawili chote. Gogo likitoka Mambasa, Ituri, likapita Beni na Kasindi hadi Uganda, likapasuliwa na kuchanganywa ghalani na mengine, linapofika Malaba, mpakani mwa Kenya, karatasi zinaeleza safari yake wala hazielezi lilikoangushwa. Sheria ya Kongo humpa kibali cha ukataji mdogo raia wa Kongo peke yake. Basi swali letu ni jepesi: jina la mkataji liko wapi?

Wengine mlidhani CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, itatusaidia. Kidogo. Mwaka 2022 kule Panama, mkangazi, mbambakofi na mninga wa Afrika waliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, kwa hiyo magogo na mbao zake hazivuki mpaka bila kibali. Mvule haumo. Na mvule ndio uliojaa yadini.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tuache kudai mbao zote za nje zizuiwe. Tudai sheria itakayomtwika mwagizaji mzigo wa kuthibitisha asili ya mbao zake, kama Ulaya ilivyoanza kufanya Machi 2013. Najua wapo watakaoniita mlegevu. Tutabishana baada ya chai.

Kuhusu polisi: tuliwaarifu siku tatu kabla, kila mara, na Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachotupa haki ya kuandamana kwa amani, tulikibeba mfukoni. Hakuna aliyekamatwa. Ofisi moja tuliyoiandikia kutaka takwimu za uagizaji haijatujibu; siku 21 za kujibu tulizopewa na sheria ya kupata habari ya 2016 zilikwisha zamani, na malalamiko yetu yameshafika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mweka hazina atasoma hesabu. Mimi nitasema tu kwamba nauli ndiyo iliyotumaliza, na wanaodaiwa ada wanajijua.

Maandamano ya tano tutayapanga leo. Mabango ya katoni yalilowa mvua ya Aprili yakafumuka, hivyo mwenye turubai kuukuu nyumbani ampelekee katibu kabla ya Jumamosi.