Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha upimaji gesi,

Kamati ilikutana mara nne, mafunzo ya mita za gesi za turbini yalifanyika Machi na ziara ya Mtwara ilikwenda salama. Mengi mnayajua.

Nije kwenye ukuta. Nimesoma kwenye grupu kwamba mwenyekiti amebomoa ofisi kwa ajili ya bomba. Ni kweli, ukuta wa stoo umetobolewa na bomba la inchi 4 limetokeza uani, pale mama lishe anapoanika masufuria. Lakini benchi yetu ya majaribio, tunapofundishia kupima gesi kwa kutumia hewa, ilikuwa na elbo (kona ya bomba) nusu mita tu kabla ya orifisi, yaani sahani yenye tundu inayobana hewa ili ipimwe kwa tofauti ya presha. Hewa ikikata kona hutoka imelemea upande mmoja, na tofauti ya presha inayosomwa hapo inadanganya. Kiwango cha kimataifa cha vipimo hivi, ISO 5167, kinataka, tundu la orifisi likiwa asilimia 60 ya kipenyo cha bomba, bomba lililonyooka lenye urefu mara 42 ya kipenyo chake baada ya elbo moja. Kwa inchi 4 hiyo ni mita 4 na ushee. Chumba kina mita 5, blowa (feni inayosukuma hewa) imekula moja na nusu. Ningeupitisha wapi urefu huo?

Wapo wanaosema tungenunua mita ya mawimbi ya sauti. Nayo inataka bomba lililonyooka, na bei yake mnaijua.

Niseme pia, bila kujisifu, kwamba ni mimi niliyegundua Juni kuwa sahani ya orifisi ilifungwa kinyume, ukingo mkali ukitazama inakoelekea hewa. Ikifungwa hivyo husoma pungufu. Tumefundishia vijana miaka miwili. Aliyeifunga simtaji.

Ada: kati ya wanachama 61 wamelipa 19, jumla Sh 1,140,000. Bomba, fundi na ukuta Sh 870,000. Kodi, chai na vifaa vya ofisi Sh 228,000. Salio Sh 42,000. Mkutano wa Agosti tulikuwa 11, na wawili waliondoka baada ya chai. Baadhi ya wanaolalamikia ukuta hawajauona.

Mwakani, Mungu akijalia, tutafute kipimajoto kizuri cha benchi. Gesi iliyopimwa ikiwa imetanuka kwa joto la nyuzi 30 bila kurekebishwa hadi nyuzi 15 humpunja mnunuzi karibu asilimia 5, na somo hilo bado tunalifundishia ubaoni.

Mvua zinakaribia na tundu la ukuta halijazibwa. Mwenye mfuko wa saruji aulete.

Mwenyekiti