Barua kwa mwanangu: hujampiga mtu, ila ulikuwa kwenye lile duara

Mwanangu,

Jana umeniambia "mama mi sijamgusa mtu" ukaingia zako chumbani. Nakuamini. Nimeiangalia ile klipu ya ugomvi wa shuleni kwenu mpaka mwisho na kweli hujampiga mtu, mkono mmoja umeshika begi, wa pili umeinua simu juu kama wenzako wote waliozunguka pale. Sasa hiyo simu na huko kuzunguka ndo kumenifanya nikae niandike, maana tukiongea kwa mdomo tunaishia kukatana maneno, baba yako naye anaingilia, kila mtu anapandisha sauti na hakuna anayemsikia mwenzie. Soma taratibu, hata mara mbili, halafu ndo tuongee.

Nianze na yule aliyeanguka. Nyie mlicheka, sauti zinasikika kabisa, kuna mtu anasema "kazima huyo kazima" na wengine wanashangilia. Mwanangu, kichwa kikigonga sakafu ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na mtu anaweza akainuka, akajifuta vumbi, akasema niko poa na kweli ukamwona yuko poa, kumbe damu inavuja taratibu ndani kwa ndani, masaa yanapita ndo kichwa kinaanza kuuma na kuzidi, anatapika, anaongea vitu havieleweki, anasinzia usingizi ambao sio wa kawaida, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Hapo ni hospitali muda huo huo, hakuna cha kusubiri kesho. Na mtu aliyezimia hata kwa sekunde chache haachwi ajiendee nyumbani peke yake. Nani kati yenu alimsindikiza yule kijana? Kwenye klipu simuoni hata mmoja, na hilo limeniuma kuliko ngumi zenyewe.

Na hata anayepiga haondoki salama. Ule mfupa wa kiganja unaoshika kidole kidogo unavunjika kirahisi sana kwa ngumi ya hasira, na ngozi ya vifundo vya vidole ikichanwa na meno ya mtu, vijidudu vya mdomoni vinaweza kuingia mpaka kwenye kiungo, mkono ukavimba ukajaa usaha, mtu akaishia kupasuliwa na kusafishwa. Kakidonda kadogo tu, ambako kijana anakaficha ili nyumbani asiulizwe. Kama yule mwenzenu aliyepiga ana kidonda mkononi mwambieni aende akaonwe, hata kama hamumpendi.

Sasa nije kwenu mliozunguka. Watu wawili wakigombana bila mtu wa kuwatazama mara nyingi wanaishia kwenye maneno, huyu anatukana yule anatukana, wanasukumana kidogo, mmoja anatafuta sababu ya kuondoka anaipata anaondoka anabwata. Mkishawazunguka ile sababu inakufa. Ataondokaje wakati simu ziko juu na anajua kabisa kesho darasa zima litamwita mwoga? Pale mwili unapigana na mwenzie lakini macho yako kwenu, anawaangalia nyie mtasema nini. Ndo maana nakwambia hujampiga mtu, ni kweli, ila kuna kitu umekifanya, umesaidia kufunga mlango ambao mmoja wao angetokea.

Na hili sio la kutoka kichwani kwangu tu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walitoa utafiti wao, waliwachezesha watu gemu ya kuendesha gari ambapo taa inabadilika na inabidi uamue usimame au ujaribu bahati yako. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipowekewa wenzao pembeni wakiangalia walijitosa kwenye hatari zaidi sana kuliko wakicheza peke yao, wakati watu wazima kuangaliwa hakukuwabadilisha. Yaani umri wenu huu macho ya wenzenu ni kitu kizito kuliko mnavyodhani, na ile sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, ile inayosema ngoja kwanza, inaendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka 20. Sikwambii hivi ili kuwatetea waliopigana. Nakwambia ili ujue kwamba ukisimama pale unatazama tu, huko kutazama kwenyewe kunafanya kazi.

Kuna na wengine wa Kanada, hao walirekodi kwa kamera watoto wa shule za msingi wakiwa mapumziko, matokeo yakatoka 2001. Uonevu ulipotokea, wenzao walikuwepo wakishuhudia 88% ya mara zote lakini walioingilia ilikuwa 19% tu. Sasa soma hapa vizuri, walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, 57%, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Wale walikuwa wadogo kuliko nyie na ule ulikuwa uonevu wa uwanjani sio vijana wenye nguvu wanaorushiana ngumi, kwa hiyo tafadhali usinielewe vibaya, sitaki uingie katikati ya watu wanaopigana, sitaki kabisa, hasa kama kuna chupa au kitu chenye ncha, hapo ni mbali na haraka. Ila sekunde kumi mwanangu! Yaani muda wa kutoa simu mfukoni na kufungua kamera.

Ninachotaka ni kidogo na unakiweza. Mshike mkono rafiki yako mmoja muondoke, wawili wakitoka wa tatu anaanza kujiuliza mi nafanya nini hapa, duara linalegea. Mwingine akimbie kwa mwalimu wa zamu, sio kutembea, akimbie. Kama mmoja wao ni mtu wako, muite jina lake kwa sauti ukiwa mbali, mwambie twende zetu, mpe ile sababu ya kuondoka ambayo anaitafuta na haioni, na akiondoka ole wako nikusikie umemcheka. Na kama ni we umevamiwa, linda kichwa, toka, kimbilia penye watu wazima, mi sitakuuliza kwa nini hukurudisha. Baba yako hapa alikuwa na maneno yake ila tumeongea tumekubaliana, kukimbia kwako hakutakuwa aibu ndani ya nyumba hii.

Kuhusu klipu. Uliniambia kurekodi ni ushahidi, sawa, ushahidi anapelekewa mwalimu, akishapokea unafuta, ushahidi hautumwi kwenye magrupu matatu na kuwekewa muziki. Sisi wazazi ile klipu imetufikia kabla shule haijatuambia lolote, mama yake yule kijana ameona mwanawe amelala chini kupitia simu, katumiwa na mtu ambaye hata hamjui. Umewahi kufikiria hilo? Yule mtoto uvimbe utapungua, jino litashughulikiwa, lakini kila akibadilisha shule, kila akipata rafiki mpya, ile video inaweza kumtangulia, na we uliyeituma huwezi tena kuirudisha hata ukilia. Leo hii uifute kwako, uandike kwenye hayo magrupu uliyoituma kwamba unaomba na wao wafute, najua watakucheka wawili watatu, andika hivyo hivyo.

Halafu kuna hili ambalo limenikosesha usingizi zaidi. Huu ugomvi haukuanza saa nane mchana. Nimeona jumbe mlizokuwa mnatumiana tangu asubuhi, "leo kuna mechi", "baada ya vipindi nyuma ya madarasa", mmepeana mpaka muda. Darasa zima linajua, walimu hawajui, wazazi hatujui, tunakuja kuambiwa wakati damu ishamwagika halafu tunabaki kulaumiana, shule inasema malezi ya nyumbani, sisi tunasema shule imelegea, na mtu mmoja tu angesema saa nne asubuhi tusingekuwa hapa.

Najua kwa nini hamsemi. Kuitwa mnoko shuleni ni mzigo, mtu anatengwa, anafichiwa daftari, anakaa peke yake mapumziko, na mi sitaki nikudanganye kwamba eti haijalishi. Inajalisha sana. Ndo maana nataka nikuahidi kitu upande wangu kwa sababu watoto wengi hawasemi, sio kwa kuogopa wenzao tu, wanaogopa na sisi, wanajua mzazi akiambiwa atapiga kelele kwenye grupu, atampigia simu mama wa fulani amtukane, atakuja shuleni kwa fujo na jina la mtoto wake linajulikana siku hiyo hiyo. Mi sitafanya hivyo. Ukiniambia, hata kwa ujumbe wa maneno matatu, "leo kuna kitu", nitampigia mwalimu mmoja tu, sitataja jina lako, nitamwambia kuna ugomvi umepangwa sehemu fulani muda fulani wekeni mtu mzima pale. Basi. Mwalimu akisimama pale na daftari lake inatosha, hakuna duara litakaloundwa. Sikuombi uniletee habari za nani kanakili mtihani wala nani anatoka na nani, hayo yenu. Nakuomba uniambie pale mtu anapokaribia kuumia, na uniambie pia kama mtu huyo ni we.

Kwenye kikao cha wazazi juzi watu walichachamaa. Mmoja anasema wote wawili wafukuzwe, hakuna mjadala, mwingine anasema vijana wa siku hizi wamekosa fimbo. Nimewaelewa, wana hofu, na kila mzazi pale anajiuliza kesho ni zamu ya mwanangu? Ila kumfundisha mtoto asipige kwa kumpiga mi hainiingii akilini, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kifungu cha 28 unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Na huu ugomvi hatujaubuni sisi wala shule yenu, UNESCO walitoa ripoti 2019 wakisema zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani, 36%, alikuwa amepigana na mwenzake ndani ya mwaka mmoja. Kufukuza tu kungekuwa ndo dawa, ingeshaonekana. Marekani wameijaribu sana ile ya kutovumilia hata kosa moja, halafu 2006 jopo la chama chao cha wanasaikolojia likapitia tafiti za miaka mingi, hawakuona ushahidi kwamba shule zimekuwa salama zaidi kwa njia hiyo, na waliosimamishwa masomo walionekana kurudia makosa zaidi na kuwa kwenye hatari zaidi ya kuacha shule.

Lakini usije ukadhani natetea watu kuachiwa. Aliyepiga awajibike, na wazazi wake wawajibike na gharama za matibabu. Akisimamishwa siku kadhaa sawa, wapate kupoa. Ila siku ya kurudi ndo ninayoiogopa, maana kama anarudi tu anaingia getini, anamkuta yule yule, chuki ile ile, na nyie mmekaa mnasubiri raundi ya pili, basi hizo siku za nyumbani zilikuwa likizo tu. Kabla hajaingia darasani wakae wote wawili na wazazi na mwalimu wa malezi, kila mtu aseme ilianzia wapi, maana nasikia yule aliyepiga amekuwa akitaniwa kuhusu mambo ya kwao kwa muda mrefu na hakuna mtu mzima aliyejua. Nyie mlijua. Hilo nalo halimpi ruhusa ya kumpasua mtu, ila mkilijua mkanyamaza miezi yote ile, kuna kitu hakiko sawa.

Na we kuna kitu nataka ufanye kesho, nimekifikiria sana. Nenda kamuone yule kijana aliyeanguka, au kama unaona vigumu kwenda, mpigie. Usimuulize ilikuwaje, usimuombe akusimulie. Mwambie ulikuwepo, ulirekodi, umefuta, na unaomba msamaha. Anaweza akakukatia simu, ana haki hiyo, usimlazimishe. Ukitaka nikusindikize nitakusindikiza nitakaa nje.

Kikao kingine ni Alhamisi, safari hii na mkuu wa shule na mwalimu wa nidhamu. Nina maswali yangu, nataka kujua mapumziko na baada ya vipindi walimu wanaosimamia ni wangapi na wanasimama wapi, kwa nini nyuma ya madarasa hakuna mtu, mzazi anajulishwa baada ya muda gani mtoto akiumia kichwa, na kama kuna njia ya mwanafunzi kutoa taarifa bila jina lake kujulikana. Hilo la mwisho nitaling'ang'ania. We unaijua hiyo shule kuliko mimi, niambie kona zipi mnajua kabisa mwalimu hapiti, na mwalimu gani wanafunzi wanamuamini wanaweza kumwambia jambo likakaa. Niandikie kwenye simu kama hutaki kuongea. Kama kuna swali ambalo halifai kuulizwa mbele ya watu nitamvuta mkuu wa shule pembeni nimuulize tukiwa wawili.

Mama yako