Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: Mmea Tumeuandika, Matayarisho Tumeyaacha

Kwa Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Afya Duniani, Geneva.

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zikutangulie. Nakuandikia kwa sababu ya ukurasa mmoja wa daftari langu ambao nimeujutia kwa miaka mingi.

Nilipokuwa mtafiti kijana wa mimea ya dawa, mganga mmoja mzee alinionyesha mti na kunieleza anavyoutumia. Majani yachumwe asubuhi, yapondwe yakiwa mabichi, yasiguse moto. Nikaandika jina la mti kwa lugha yake na kwa Kilatini. Kwenye safu ya sehemu inayotumika nikaandika "majani". Fomu haikuwa na nafasi ya hayo mengine, nami sikujisumbua kuyaandika pembeni. Maabara niliyakausha majani kwenye tanuri, nikayasaga, nikayaloweka kwenye methanoli, aina ya alkoholi, kama tulivyofundishwa kufanya kwa kila mmea, kisha nikaripoti kwamba dawa ya mzee haikuonyesha nguvu yoyote. Dawa ya mzee sikuipima hata siku moja. Nilipima kitu nilichokitengeneza mwenyewe.

Nawajua wenzangu wengi waliofanya hivyo hivyo, na bado inafanyika. Soma makala za fani hii utakuta mpangilio ule ule: jina la mmea, sehemu yake, ugonjwa, halafu majani yaliyokamuliwa kwa methanoli yakamwagwa juu ya bakteria kwenye kisahani cha kioo. Bakteria wakifa, mwandishi anahitimisha kwamba mmea unatia matumaini. Sabuni nayo inaua bakteria kwenye kisahani.

Wewe umesomea malaria, kwa hiyo kisa cha Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China, unakijua kuliko mimi. Nakikumbusha kwa ajili ya wasomaji wengine wa barua hii. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwaka 1969 Tu akapewa kazi ya kupekua tiba za kale. Pakanga ya Kichina, Artemisia annua, ilikuwa miongoni mwa mimea iliyojaribiwa, lakini matokeo yake yaliyumba: mara inafanya kazi, mara haifanyi. Jibu alilipata katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Ge Hong aliagiza mmea uliojaa kiganja uloweshwe kwenye maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Tu akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akageukia etha, kimiminika cha kukamulia ambacho huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha kabisa vimelea vya malaria kwa panya. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2015.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa mmea. Mimi naona ni ushindi wa sentensi moja ya matayarisho iliyodumu zaidi ya miaka 1,600 kwa sababu kuna mtu aliyejali kuiandika. Laiti Ge Hong angetumia fomu yangu, tungebaki na "sehemu inayotumika: majani".

Kwenye lishe, kuacha matayarisho kumeua watu wengi. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati walichemsha mahindi kwa maji ya chokaa tangu zama za kale. Mahindi yakavuka bahari, chokaa ikabaki. Huko Hispania na Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, maskini waliokula mahindi karibu peke yake wakapata pelagra: ngozi inabambuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Ilipofika mwaka 1937 ndipo ilipobainika kwamba kinachokosekana ni niasini, aina ya vitamini B. Niasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua, na chokaa ndiyo huifungua. Wapishi wa Mexico hawakujua neno niasini. Walijua kupika mahindi.

Muhogo mchungu nao ni hivyo. Una viini vinavyotoa sianidi, na wanaoutegemea huuloweka, huuvundika au huukausha kwa siku kadhaa hadi sumu itoke. Msumbiji mwaka 1981, wakati wa ukame, njaa iliwafanya watu wafupishe siku hizo, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Muhogo ulikuwa ule ule.

Tazama pia majedwali ya virutubisho yanayosambazwa kusifu majani fulani. Gramu 100 za unga mkavu hulinganishwa na gramu 100 za tunda bichi lililojaa maji, kana kwamba kuna mtu anayekula unga wa majani kwa bakuli. Vitamini C inayopotea kwenye kukausha na kuchemsha haitajwi. Mafuta, ambayo bila hayo mwili haunyonyi vizuri karotini ya majani, hayatajwi. Chungu hakimo kwenye jedwali.

Mheshimiwa, sisemi kwamba la wazee ni sahihi daima. Mimea ya jamii ya Aristolochia ilitumika kwa karne nyingi kama dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji makumi ya wanawake waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene ambavyo mmea huo uliingizwa mahali pa mwingine, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Madhara yanayochukua miaka kujitokeza hayaonekani kwa mganga anayemwona mgonjwa mara mbili. Hapo ndipo maabara inapohitajika kweli, lakini ikipime kile watu wanachokunywa.

Baraza la Afya Duniani lilipitisha Mei 2025 mkakati wa tiba asili wa 2025 hadi 2034, na kituo chenu cha tiba asili cha Jamnagar, India, kipo tangu 2022. Vitabu vyenu vya mimea teule ya dawa, vilivyoanza kutoka mwaka 1999, vina sehemu ya dozi. Msingi upo, wala siombi jengo jipya. Naomba fomu.

Kituo cha Jamnagar kitoe fomu moja ambayo rekodi ya mmea haihesabiwi kuwa imekamilika bila kuonyesha mmea ulichumwa lini, ulikuwa mbichi au mkavu, maji kiasi gani, moto au baridi, kwa muda gani, mgonjwa anapewa kipimo gani, na nani hapewi kabisa. Hilo la mwisho msilidharau; mganga anayejua nani asinywe amejifunza kutokana na jambo fulani. Kisha kila utafiti mnaouunga mkono uanze na dawa ilivyotengenezwa na mwenyewe, methanoli ifuate. Ikishindwa, matokeo yachapishwe vilevile, maana siku hizi mmea ulioshindwa hufunikwa kimya na mtafiti mwingine huurudia baada ya miaka kumi kwa fedha nyingine.

Na aliyetoa maelezo arudishiwe majibu kwa lugha yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya mimea na viumbe vingine, inazungumzia ridhaa na mgawanyo wa faida, na ni vyema. Ila faida ya kwanza ambayo mganga anaweza kuitumia kesho yake ni kuambiwa kwamba dawa yake inadhuru ini, au kwamba inafaa ikinywewa nusu ya anavyoitoa. Mimi sikurudi kumwambia yule mzee lolote.

Amekwisha kufariki. Mti wake bado upo, na nguvu za kurudia kipimo kile ninazo. Majani nitayachuma asubuhi, nitayaponda mabichi, sitayapitisha motoni. Kiasi cha maji sikukiandika.

Wako mtiifu,
Mtafiti mstaafu wa mimea ya dawa