Kupiga kopi si uvivu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyetaka bendi zinazopiga kopi, yaani nyimbo za wasanii wengine, zizuiwe kushiriki mashindano, akidai hazina zilichobuni. Mimi ni mpiga solo wa bendi ya ukumbini hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kopi ndizo zinazotulisha, na hoja yake naipinga.

Namwomba asikilize wimbo mmoja tu, "All Along the Watchtower". Bob Dylan, mtunzi na mwimbaji wa Marekani, aliurekodi Nashville mwaka 1967: gitaa kavu, harmonika, besi na dramu. Kodi tatu (chords, sauti za nyuzi zinazopigwa pamoja) zinazunguka mwanzo hadi mwisho, kiitikio hakuna, na dakika mbili na nusu haziishi vizuri umekwisha. Maneno yake yananukia Isaya 21, pale mlinzi anapowekwa zamu na wapanda farasi wanatokea wawili wawili.

Januari 1968 mpiga gitaa Jimi Hendrix akaingia nao studio London. Maneno ni ya Dylan, mzunguko wa kodi ni uleule. Lakini sikiliza solo ya katikati! Ameigawa vipande vinne: anaanza kwa gitaa la umeme bila madoido, kisha anatelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, kisha anakanyaga wah-wah, pedali inayolifanya gitaa lilie, mwisho anamalizia kwa kodi nzito. Hicho kipande cha kuteleza nakipigania kila Julai, vidole vikiwa vimekakamaa kwa baridi yetu. Dylan aliutaja upepo kwenye mstari wa mwisho, Hendrix aliuvumisha.

Na mwenye wimbo alikasirika? Alipozunguka Marekani na bendi iitwayo The Band mwaka 1974, Dylan mwenyewe aliupiga kwa moto ule wa Hendrix, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1970. Baadaye alisema kila akiuimba huhisi kama anamuenzi marehemu.

U2, bendi ya Ireland, nao waliupiga San Francisco mwaka 1987. Nguvu ipo, ila sisikii walichoongeza, na kwa kopi ya namna hiyo namwelewa msomaji wako.

Kwa hiyo waandaaji wasizuie kopi. Waitake kila bendi itaje jukwaani wimbo ni wa nani, halafu majaji wapime kilichoongezwa. Sisi "Malaika" hatuianzi kabla dada yetu mwimbaji hajamtaja marehemu Fadhili William, aliyeirekodi miaka mingi kabla kundi la Boney M halijaipeleka disko. Kisha tunaiingiza kwa mapigo ya ing'oma, ngoma ya Kinyakyusa, na besi inaachwa nje mpaka beti la pili.

Katika mashindano ya mwisho tuliyoshiriki, majaji waliweka kalamu chini mara tu walipoutambua wimbo. Besi ilikuwa bado haijaingia.

Mpiga gitaa,
Mwanjelwa, Mbeya